Manang Modesta wa Rejeta: Miaka Thelathini na Sita Karakana ya Lagawe

Tarehe 30 Juni 2023, Bi. Modesta Hangdaan, fundi mkuu wa rejeta katika karakana yetu ya mabasi hapa Lagawe, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kazi. Hilo la "Bi. Modesta" ni la kwenye karatasi tu. Kwetu sote ni Manang, dada mkubwa, hata kwa madereva waliomzidi umri.

Aliajiriwa mwaka 1987 kuosha mabasi. Hakukaa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba mabasi yanayochemka mlimani ni yale yale ambayo rejeta zake zimezibwa na matope na wadudu. Akaanza kuzisuuza kwa maji ya taratibu kutokea upande wa injini, uchafu utoke ulikoingilia. Malalamiko ya kuchemka yakapungua. Fundi mkuu wa wakati ule alipojua sababu, alimnyang'anya ndoo na kumpa spana.

Madereva wapya wote wamepita mikononi mwake. Aliwafundisha kwamba maji huzunguka silinda yakibeba joto, huingia kwenye rejeta yakapozwa na upepo, kisha pampu huyarudisha tena. Kazi ngumu ilikuwa kuwazuia wasing'oe thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, maana wengi waliamini ndiyo inayochemsha injini.

"Injini haitaki baridi, inataka joto lake," alikuwa akisema. "Asubuhi hapa unavaa sweta wewe, unataka yenyewe itembee uchi?"

Ili waamini, alichukua sufuria ya kantini, akaitumbukiza thamostati na kuichemsha mbele yao hadi wakaiona ikifunguka yenyewe. Mpishi wetu, Manang Ursula, hakuwahi kumsamehe. "Supu yangu inanuka gereji!" alifoka wiki nzima. Ilibidi karakana inunuliwe sufuria yake.

Lakini kinachonifanya niandike wasifu huu kwa mkono wangu, mimi Erlinda wa stoo, ni jambo la Machi 2004.

Basi namba 14 lilizimika kwenye mwinuko wa kwenda Banaue, mvuke ukitoka kila upande. Abiria walisimama mvuani kwa muda wa saa tatu. Hakuumia mtu, ila injini iliungua kabisa. Dereva, Manong, yaani kaka mkubwa, Alipio Binwag, aliitwa ofisini.

"Mshale wa joto ulikuwepo," meneja alimwambia. "Macho yalikuwa wapi?"

"Mkuu, mshale haukupanda. Naapa kwa watoto wangu."

Tulicheka. Alipio alikuwa na sifa ya kuongeza chumvi, na tulidhani hii ni nyingine. Akarudishwa nyumbani kusubiri barua ya kufukuzwa.

Manang ndiye aliyeifungua injini ile. Alikuta mpira wa chini wa rejeta umechomoka na maji yote yamemwagika. Klipu iliyoushika ilikuwa kuukuu, imechoka. Siku mbili kabla, alikuja stoo kuomba mpya, nikamwambia zitaletwa Alhamisi. Basi lilikuwa linasubiriwa, akairudisha ile ya zamani.

Hakuna mwingine aliyeiona klipu hiyo. Angeweza kuitupa. Siku ile hakula chakula cha mchana, na alipoondoka hakuaga mtu.

Kesho yake asubuhi alimwomba meneja aje uani. Alikuwa amewasha jiko, na sensa ya joto ameiunganisha na geji na betri. Alipoitia sensa kwenye maji yanayochemka, mshale ukapanda mpaka kwenye wekundu. Alipoinyanyua hewani, ukashuka polepole, ukalala.

"Maji yakiisha, sensa haigusi kitu," alisema. "Injini inaungua huku mshale unalala. Alipio hakudanganya."

"Na maji yaliishaje?" meneja aliuliza.

Manang aliiweka klipu kwenye kiganja cha meneja. "Hii ilikuwa imechoka, nami nikaifunga tena. Kosa ni langu, mkuu, si la Alipio."

Nilitaka kusema kwamba hata stoo ina sehemu yake. Nilisema, lakini kwa sauti ndogo kuliko yake.

Alipio alirudishwa kazini wiki hiyo hiyo. Manang alirudishwa kuosha mabasi, miezi sita. Siku ya kwanza Alipio aliingiza basi kwenye sehemu ya kuoshea, akachungulia dirishani.

"Manang, sugua vizuri hapo nyuma! Na usichomoe kitu!"

Manang alimrushia tambara lililolowa, likampata usoni. Kila mtu uani alivunjika mbavu kwa kicheko, Alipio mwenyewe zaidi. Kisha akashuka, akakunja suruali, akachukua ndoo ya pili.

Manang aliporudi kwenye rejeta, jambo la kwanza alilofanya ni kufunga king'ora cha maji kupungua kwenye kila basi. Leo tuna mabasi arobaini na mawili, na tangu hapo hatujapoteza injini hata moja kwa kuchemka. Amefundisha mafundi tisa. Hakuna hata mmoja anayethubutu kurudisha klipu ya zamani, na stoo yangu haijawahi tena kuishiwa mpya.

Manang, asante kwa mikono yako, na zaidi kwa asubuhi ile uani. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na mavuno mazuri kwenye mashamba yenu ya mpunga Kiangan. Ukituona tumekwama barabarani hapo chini ya nyumba yako, boneti imefunguliwa na watu wanne wanabishana, tafadhali usishuke. Tupungie mkono tu, tutajitahidi wenyewe.

Tunajua utashuka.