Deiwaka Leo Hayupo

Kijiwe cha Safari, muuza kahawa, kipo Mtaa wa Narung'ombe, ubavuni mwa duka la vitenge. Benchi lake limekatika mguu mmoja, kwa hiyo anayekaa upande huo hulishikilia kwa miguu yake mwenyewe. Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote, upande huo alikaa Deiwaka. Jina alilipata ujanani, enzi za bendi za dansi: mpiga gitaa akiumwa au akinuna, anaitwa yeye ashike kwa siku moja, kesho mwenyewe anarudi. Siku mojawapo walimwingiza studio kurekodi wimbo. Na sasa redio ya dukani ilikuwa inapiga wimbo huohuo, gitaa la solo limefika patamu, mwimbaji anapaza sauti: "Polycarp! Waambie hao!"

Deiwaka akatua kikombe.

— Huyo siyo Polycarp. Huyo mimi.

— Ameanza, akasema Profesa, mwenye duka la vitenge, ambaye shahada yake ni miwani tu.

— Polycarp alikuwa na matumbwitumbwi, shavu hili hapa! Mwimbaji kazoea kumtaja yeye, mdomo ukateleza. Tepu yenyewe ndiyo ya mwisho. Nikaambiwa tutarekebisha.

— Lini?

— Nasubiri. Mwaka wa arobaini na moja huu.

— Usijione uko peke yako, akasema Profesa. Hata Wazungu wa rock! Unadhani zile nywele ndefu za nini? Hawakuwa wanapiga wale. Studio wanaingia wazee wenye vipara, wanapiga, wanaenda zao kula. Wenye nywele wanakuja kupigwa picha.

— Acha uongo!

— Nywele zinaficha macho, usione wanavyoshangaa ngoma yao.

Bandari, wakala wa mizigo asiyekosa ushahidi, akatikisa kichwa kwa huruma.

— Hujui kitu wewe. Bendi zote hizo zilipigiwa na mtu mmoja. Kontena lake nililitoa mimi mwenyewe bandarini. Limeandikwa vyombo vya muziki, kufungua, kiti kimoja na feni.

— Na mtu mwenyewe?

— Kaenda chooni.

— Mbona hata mimi! Profesa akadakia. Harusi yangu kule Moshi nilishikwa na malaria, kwenye picha akasimama mdogo wangu Ansbert. Mpaka leo mke wangu akitaka kugomba anamtafuta Ansbert.

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Deiwaka alilikaza kwa goti, hakucheka. Maisha yake yote alifanya jambo moja zuri kupita kiasi, na lilikuwa linapita redioni kila wiki likiwa na jina la mtu mwingine. Ilimuuma. Alichotaka ni mtu aseme tu, ndiyo, ni wewe.

Bandari akamwona uso.

— Oya, tunakutania. Ile solo unaigonga pajani kabla redio haijafika. Ni wewe.

— Ni yeye, hata mimi najua, akasema Profesa. Tena tutamtetea!

Hapo ndipo akatokea dada mmoja, begi lenye nembo ya kituo cha redio begani.

— Shikamooni. Naitwa Vicky. Tuna kipindi cha dansi la zamani, nimeambiwa hapa kuna mzee aliyepiga.

— Marahaba! Ndiye huyu! Profesa akasimulia yote, shavu la Polycarp na tepu, mikono ikipaa. Bandari akaapa kwamba tepu ile aliiona yeye.

— Basi leo mchana tunarekebisha, akasema Vicky, kalamu mkononi. Anaitwa nani?

— Deiwaka!

— Hilo la kazi. Jina lake.

Profesa akavua miwani, akaifuta. Bandari akachungulia ndani ya kikombe.

— Si... Abdulatif?

— Abdulatif yule fundi saa. Huyu ni... Safari, huyu nani?

Safari akashughulika na mkaa.

Deiwaka aliwatazama mmoja mmoja. Miaka kumi na tisa, kila siku, kahawa moja. Jina lilikuwa mdomoni mwake, lakini aliwapa nafasi, akasubiri kidogo, kisha kidogo tena. Akainuka.

Benchi likaenda upande. Profesa chini, Bandari juu yake, kahawa juu ya wote wawili.

— Deiwaka! Shika benchi, Deiwaka!

— Deiwaka leo hayupo, akasema, akamgeukia Vicky. Andika, mwanangu: Mbaruku.