Endara ya Mzee Asanasio na Wazungu wa Kaptula za Ngozi

Benchi yangu iko Bwera, pale njia ya kushuka mpakani inapokutana na njia ya kupanda milimani, na mtu asinidanganye kwamba wanaume wanakuja pale kunywa kahawa. Wanakuja kubishana. Mimi Salmah na birika langu ni kisingizio tu. Siku hiyo lakini tulikuwa na msiba. Mzee Asanasio, fundi wa endara, alikuwa amelala kwenye sanduku huko juu kwake, azikwe kabla jua halijazama. Endara ni zile mbao ndefu zinazopangwa juu ya mashina mawili ya mgomba, watu wanakaa pande zote mbili wanazipiga kwa vigongo, na mzee wa namna yake kwetu hashuki kaburini kimyakimya. Mashina yalikuwa yamekatwa tangu asubuhi, yamelazwa uani. Mbao zilikuwa zimeshushwa kutoka dari ya jikoni. Tuliokuwa tunawangoja ni wapigaji kutoka Kinyamaseke, ambao marehemu mwenyewe aliwafundisha, wapite kwangu tupande nao. Mwisho wa benchi, alipozoea kukaa mzee, hakuna aliyekaa. Halafu simu ya Bwambale ikalia. Akasikiliza, akaitupa kwenye benchi.

Bwambale tunamwita Ulaya. Chama chao cha kahawa kilimtuma Austria na wenzake mwaka jana, na tangu arudi hatujapumzika.

ULAYA: Hawaji.

AFANDE: Nani hawaji?

ULAYA: Wapigaji. Wako Kasese, hotelini. Kuna watalii, leo ni jioni ya utamaduni. Wanasema hawawezi kuwaacha wageni.

Afande ni Semakula. Alikuja hapa kutoka Masaka na bunduki, bunduki akairudisha kambini, yeye akabaki na mke. Sauti yake bado iko kambini.

AFANDE: Ati nini? Maiti ingoje watalii? Simama wote! Tunapanda boda, tunakwenda Kasese, tunatoa hao watu kwa sikio! Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi!

ULAYA: Mbichi gani, Afande? Mdogo wao ana wajukuu.

AFANDE: Basi tutakunja wakavu!

Wa tatu ni Nobert, mtu wa Kasindi, upande wa Kongo, anavuka mpaka kila siku na magunia yake ya viatu vya mitumba. Hajasomea ugonjwa wowote lakini kila kitu anajua kinatoka wapi, ndiyo maana anaitwa Dokta.

DOKTA: Bon, pole pole. Ile batu beko natafuta chakula. Mutu akipata kazi ya hoteli atakataa? Wazee balisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji yuko kwenye sanduku, Dokta, nikamwambia. Atapona saa ngapi?

Akanywa kahawa yake. Mimi nilikuwa nimewaka. Mzee huyu alikunywa kwangu tangu benchi hii iko na miguu minne.

ULAYA: Mnajua kinachoniuma? Mimi nilishakaa kwenye viti vya hao watalii. Kule Austria, kwenye milima yao...

DOKTA: Ameanza.

ULAYA: Niache nianze! Leo mtasikia mpaka mwisho, hata kama mtanipiga. Walituweka kwenye hoteli ya mbao, chini ya mlima. Wakatuambia jioni kuna ngoma ya asili. Tukakaa kwenye meza ndefu, nyama ya nguruwe mbele yetu, na kabichi imechacha.

AFANDE: Mlikula?

ULAYA: Tulikula, tungefanyaje? Halafu wanaume wakaingia. Wanaume wazima, wana mvi! Wamevaa kaptula za ngozi na soksi ndefu, kama watoto wa primari. Wakaanza kuruka na kujipiga. Mapaja, pa! Nyayo za viatu, pa! Mwingine anampiga mwenzake matako, pa! Na kinanda cha kuvuta kinalia.

AFANDE: Hiyo si ngoma. Hiyo ni parade. Milima yao iko na ukungu. Kamanda haoni askari, kwa hiyo kila askari anajipiga paja, kamanda anajua huyu iko hai.

DOKTA: Hapana, Afande. Ni ile ngozi. Baridi inakausha kaptula, inakuwa mbao. Usipoipiga, hauwezi kukaa chini.

AFANDE: Wewe umeona wapi kaptula inakuwa mbao?

DOKTA: Na wewe umeona wapi askari wa Austria?

ULAYA: Walikuwa na kengele za ng'ombe pia, wanazitikisa wanatoa wimbo.

DOKTA: Unaona! Kule ng'ombe njo mwenye shamba. Muzungu ni mupangaji tu. Ng'ombe anapiga kengele, muzungu anakuja mbio kukamua. Sasa bamezoea, hata jioni hakuna ng'ombe, banapiga bo benyewe!

— Jamani, nikasema, mtu yuko kwenye sanduku, nyinyi mnapima kaptula!

ULAYA: Salmah, nafika. Mwanamke mmoja akaimba. Sauti yake inavunjika kooni, inapanda, inashuka, inapanda. Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, ile sauti naijua. Mama yangu alimwita baba hivyo hivyo kutoka ng'ambo ya bonde, chakula kikiwa tayari. Nikasema moyoni, kumbe hawa ni watu wa mlima kama sisi.

Nikamwongezea kahawa bila kuombwa.

ULAYA: Halafu likaletwa baragumu. La mbao, refu mara mbili ya benchi hii, mdomo wake umekaa sakafuni. Mzee mmoja akalipuliza. Ukumbi wote ukanyamaza, hata walevi. Sauti nzito, inakwenda taratibu. Mimi nikajua hapo hapo, kuna mtu amekufa.

AFANDE: Nani alikwambia?

ULAYA: Nani aniambie? Mtu wa kwetu akisikia sauti kama ile na watu wamenyamaza, anauliza nini tena? Nikasimama. Nikavua kofia. Nikaenda meza ya mbele, nikaanza kuwashika mikono mmoja mmoja. Poleni. Poleni sana kwa msiba. Bibi mmoja mzee akaushika mkono wangu, akalia, hakuuachia.

AFANDE: Banange! Umeaibisha Uganda nzima!

DOKTA: Umelilia batu bazima! Batu beko nakula nguruwe, weye unabapa pole!

Wakacheka, jamani. Afande alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Ningekuwa na fimbo ningewatandika wote wawili, msiba au hakuna msiba. Bwambale hakucheka. Alipiga benchi kwa ngumi, vikombe vikaruka.

ULAYA: Chekeni! Hata wenzangu wa chama walicheka, nilitaka ardhi inimeze. Lakini sijamaliza. Ngoma ile ilichelewa kuanza. Ilichelewa sana, sisi tuna njaa, mimi mwenyewe nikawa nagonga meza kwa kijiko. Mwenye hoteli akaja akasema, mpuliza baragumu hajafika, ngojeni, asiyetaka arudi chumbani kwake. Tukanuna. Tulikuwa wageni, tumelipa! Baada ya mimi kugawa pole zangu, mkalimani ndiyo akanieleza. Yule mzee alikuwa makaburini. Jirani yake alizikwa siku hiyo, akabeba baragumu lake akampulizia kwanza, ndipo akaja kwetu. Yule bibi ni mke wa huyo mpuliza baragumu. Alilia kwa sababu katika ukumbi mzima, mtu wa kwanza kumpa pole nilikuwa mimi.

Hapo hakuna aliyecheka.

ULAYA: Watalii ndio waliongoja! Mmesikia? Mimi na kijiko changu nilingoja. Maiti haikungoja. Na sisi hapa, kwa mtu aliyewashika mikono hao wapigaji mmoja mmoja akawafundisha, maiti ndiyo inangoja!

AFANDE: Ni hoteli! Hoteli zimenunua kila kitu. Wamenunua mlima, wamenunua nyani, sasa wananunua maombolezo!

DOKTA: Si hoteli, Afande. Ni bapasta. Balisema endara ni ya mashetani, batoto bakakimbia.

AFANDE: Na simu! Kijana akipewa simu, mkono wake unakufa hapa kwenye kidole gumba!

DOKTA: Mimi nitakwambia kitu ingine, na usiseme nimekwambia. Endara ikipigwa huku, kule Kasindi tunasikia. Inavuka mpaka bila pasipoti, bila ushuru. Serikali mbili zinapenda hiyo? Donc, njo maana banazipeleka hotelini, bazifungie ndani ya ukuta!

ULAYA: Na watazitundika ukutani, juu ya televisheni! Mtaniambia!

AFANDE: Hapana! Mimi Semakula niko hai, hapana! Hii ni mali yetu! Hii ni damu yetu!

— Damu yako imetoka Masaka, nikamwambia.

AFANDE: Nimeoa hapa!

Walikuwa wamesimama wote watatu, wanapigana vidole vifuani, mate yanaruka kwenye birika langu. Watu wa boda wamezima pikipiki wasikilize. Kwa kelele ile ungedhani marehemu ameacha watoto wa kiume watatu. Ndipo Kellen akatokea.

Kellen ni mjukuu wa mzee Asanasio. Alikuwa ameshuka kwa miguu, matope mpaka magotini, na mkononi ana kitu kimefungwa kwenye kitenge.

— Shikamooni bazee. Anti Salmah, habari.

— Poleni, mwanangu, nikasema. Pole sana.

AFANDE: Kellen! Usilie! Tumeshapanga. Tunakwenda Kasese sasa hivi, hao wasaliti tutawaleta hapa wamefungwa kamba!

— Hapana, baba. Jua linakwenda. Huko juu wameshapata habari kwamba hawaji.

Akaweka kitenge kwenye benchi, pale mwisho, mahali pa babu yake. Akakifungua. Vilikuwa vigongo vya endara, vimekuwa vyeusi kwa moshi wa jikoni, na pale mkono unaposhika vimelika kabisa.

— Wamenituma niulize tu, akasema. Mbao tumepanga. Nani hapa anajua kupiga?

Afande akaangalia viatu vyake. Dokta akageuka, akaangalia upande wa mpaka. Bwambale peke yake alifungua mdomo.

ULAYA: Mwanangu, mimi hiyo sauti nimeisikia tangu tumboni mwa mama.

— Kusikia sote tumesikia, baba. Nauliza kupiga. Hata ile ya mwanzo tu, ya kumtoa nyumbani.

Bwambale akachukua kikombe chake. Watu wa boda wakaanza kuwasha pikipiki zao, mmoja mmoja. Na mimi nikakumbuka mzee alivyokuwa akikaa pale, kikombe gotini, akisema njooni Jumapili niwafundishe, ni kitu kidogo tu. Na hawa wakimjibu, Jumapili ijayo, mzee. Walimjibu hivyo mpaka akaacha kuuliza.

Nilikuwa na maneno mengi ya kuwatukania siku ile, yalishafika kwenye ulimi. Lakini Kellen akageuka kwangu, akanitazama, akaninyooshea kigongo kimoja. Endara hupigwa na wanaume, lakini siku hiyo hata mwanamke angeruhusiwa, mtu yeyote angeruhusiwa.

Wale watatu walikuwa wameshika vikombe vitupu. Mimi nilikuwa nimeshika birika, kama Jumapili zote zile.