Pete ya Mwisho ya Fundi Pete

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Pete, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa tatu wa mhunzi na mshona nguo, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hapati usingizi mpaka asikie nyundo ikigonga fuawe. Siku za mapumziko alikesha, na nyumba nzima ikakesha naye.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957, akahitimu chuo cha ufundi mwaka 1968. Mwaka uliofuata alirithi karakana, akafua majembe, bawaba na mageti. Geti la makaburi haya, mliloingilia leo, ni kazi ya mikono yake.

Baada ya kazi alipenda mchezo wa kutupa pete. Kwa vijana wasioujua, vigingi viwili vya chuma husimikwa katika udongo wa mfinyanzi uliolowa, kila kimoja upande wake wa kiwanja. Mchezaji husimama kando ya kigingi kimoja na kurusha pete nzito ya chuma kuelekea kingine. Pete inayoingia kigingini hushinda. Ikikosekana, hushinda iliyo karibu zaidi. Mwamuzi hupima kwa kamba, na kabla hajapima pete haiguswi. Mwenyewe akiigusa, imekufa, haihesabiwi tena. Karibu pete zote zilizotupwa mjini hapa zilifuliwa na marehemu.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na mwalimu wa shule ya msingi. Shangazi za bibi harusi walimwonya kwamba anaolewa na masizi. Aliwajibu kuwa masizi yanatoka kwa sabuni. Walijaliwa watoto watatu.

Katika fainali ya mwaka 1983, pete ya mwisho ya marehemu iliingia kigingini barabara. Uwanja ulilipuka kwa shangwe, lakini yeye hakushangilia. Alikuwa amesikia chuma kikilia vibaya. Alitembea hadi kwenye udongo, akaichomoa pete, akaigonga kwa ufunguo wa karakana na kuitegea sikio, kama alivyofanya kila siku kazini. Mwamuzi akatamka kwamba pete imekufa. Ushindi ukaenda kwa mpinzani wake, muoka mikate, ambaye kwa desturi ya mchezo aliondoka na pete ya aliyeshindwa.

Maneno yalianza jioni ile ile. Ikasemwa ameuza mechi, kwani mchezaji mzoefu hawezi kusahau sheria. Shuleni wanawe waliitwa watoto wa muuzaji, na mama yao, aliyefundisha chumba cha jirani, alisikia. Alimsihi mumewe ajitetee mbele za watu.

"Mama watoto," alimjibu, "pete ilikuwa na ufa. Basi."

Hakulizungumzia tena. Mkewe hakulisahau.

Mwaka 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, na mwezi Mei mwaka huu alilazwa. Muoka mikate alikuja kumjulia hali, pete ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa. Aliigonga kwenye chuma cha kitanda. Ililia kama kopo.

"Fundi, imekaa ukutani kwangu miaka yote hii," alisema, "na sikuwahi kuigonga mpaka leo. Niliogopa kujua kwamba sikukushinda."

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. "Ungeirudisha karakana, bwana. Kazi yangu ina dhamana."

Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Juni, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili na mwana mmoja ambaye sasa anaendesha karakana, wajukuu sita, dada yake mdogo, na muoka mikate, ambaye leo amebeba jeneza pamoja na wanafamilia.

Kwa ombi la mjane, pete ile imewekwa juu ya jeneza. Yeyote ambaye bado ana shaka asogee aigonge, kabla hatujamshusha. Baada ya hapo, tumwache apumzike kwa amani.