Mzee Vuai na Mwandiko Usioinua Brashi

Baada ya miaka ishirini na minne ya kutandaza karatasi na kutia fremu, Mzee Vuai Shaame anastaafu Alhamisi hii, tarehe 30 Aprili 2026. Sisi wa karakana ya Al Mansoura, hapa Doha, tumeagizwa tuandike kwa furaha. Tunajaribu, ila roho ziko juu.

Alifika Doha kutoka Makunduchi, akaanza kwa kufagia vumbi la mbao. Mwaka 2009 akakabidhiwa miandiko ya Kichina, ambayo huloweshwa, hupakwa gundi ya unga wa ngano, kisha hubandikwa ubaoni ikauke. Mwaka huohuo akaletewa kazi yenye michirizi myeupe ndani ya wino. Alidhani imechubuka, na kwa roho safi kabisa akaijaza michirizi yote wino.

Aliyeuandika mwandiko huo, Mwalimu Shen, alipouona alikaa chini. Michirizi ile ndiyo ilikuwa kasi ya mkono wake, pale brashi ilipoishiwa wino bila kusimama. Hakudai fidia. Alirudi kila Jumanne, miezi minane, kumfundisha mtu aliyemharibia kazi.

Ndipo Mzee Vuai akajua miandiko mitano. Ule wa mihuri, mistari yake minene sawasawa. Wa makarani, umelala na una mikia. Wa kawaida, kila mchoro unasimama peke yake. Wa mwendo, michoro imeanza kushikana mikono. Na wa kasi, brashi karibu haiinuki kabisa, na wino uliotuama unaweza kuchuruzika ukigusa maji. Kabla ya kulowesha, huufuata kila mchoro hewani kwa kidole, ajue mkono ulichelewa wapi. Wateja wapya hudhani anafukuza nzi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayemrithi ni mimi, Mumbua, na naogopa. Sioni haya kusema.

Jumatatu uliletwa mwandiko wa kasi wa hoteli moja ya West Bay. Nilimsihi aahirishe safari yake ya Ijumaa, wiki moja tu. Akaniambia, “Tandaza wewe, mwanangu. Mie nafunga mabegi.” Nikatandaza, naye kasimama nyuma yangu, hagusi kitu. Wino haukuchuruzika. Lakini karatasi huweza kupasuka ikikauka, na hatuibandui hadi Jumapili, yeye akiwa keshafika Unguja.

Kila kazi hapa ina kadi, na mkaguzi, ambaye ni Mzee Vuai, husaini kadi hiyo pale tu kazi ikishabanduliwa nzima. Kwa miaka yote Mzee Vuai hajasaini kazi mbichi, hata bosi alipombembeleza. Jana jioni niliikuta kadi ya ubao wangu imeshasainiwa, jina lake kamili, kwa kalamu ya wino.

Mzee Vuai, asante kwa yote. Ufike salama, upumzike, wajukuu wakuchoshe kwa raha. Ila Jumapili, siku ya kubandua, usitupigie simu kabla ya saa sita mchana.