Isakwisa Mwakalukwa na Plau ya Milimani
(1918–1959)

Wasifu umeandaliwa na kusomwa na mdogo wake, Mwalimu Sekela, Uyole, Jumanne tarehe 9 Juni 1959

Wachungaji, wazee, majirani, na ninyi nyote mliopanda milima kwa baridi hii kuja kutushika mkono, karibuni tuyasikie kwa ufupi maisha ya ndugu yetu.

Marehemu Isakwisa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1918 huko Isongole, Rungwe, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Mwakalukwa na Mama Tusekile. Alibatizwa mwaka huo huo. Mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa kusema lakini hakuchelewa kubomoa: kila kilichokuwa na kifuniko alikifungua, na kila kilichofungwa kwa kamba alikifungua kamba.

Alisoma shule ya misheni Rungwe hadi darasa la sita, akamaliza mwaka 1934. Baada ya hapo alijifunza uhunzi na useremala katika karakana ya misheni. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa kwa hesabu, ila walimu walimpenda kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuuliza na hakuona haya kusema, "Sijaelewa, Mwalimu, tuanze tena."

Mwaka 1941 aliingia jeshini katika kikosi cha Payonia, askari wa kazi za barabara na mizigo, akapelekwa Misri, kisha milima ya Lebanoni. Huko ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza. Aliporudi nyumbani mwaka 1945 alitueleza kwamba theluji ni mvua ya mawe isiyopiga kelele. Akamwambia mama, "Mama, kule nimeona treni inalima." Mama akauliza, "Inalima nini?" "Inalima theluji. Imefungwa plau kubwa mbele, na malori nayo yana plau zake." Mama akafikiri kidogo. "Sasa wanavuna nini humo?" Kaka alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Hawavuni kitu, Mama. Wanapita tu."

Baada ya vita alipata kazi ya ufundi wa malori Iringa. Siku moja ya masika lori lake lilizama katika tope njia ya Kilolo, akaenda kuomba jembe katika nyumba ya Mzee Bartholomeo Kalinga. Binti wa nyumba hiyo, Marta, alilitoa jembe, lakini hakumwachia. Alikwenda nalo mwenyewe akachimba, akisema hamwazimi jembe mtu asiyemjua. Walifunga ndoa tarehe 20 Septemba 1947 katika kanisa la Kilutheri, Iringa. Siku ya posa mchungaji alimuuliza kama kweli aliiona mierezi ya Lebanoni, naye akajibu, "Niliiona, ila ilikuwa imeinama kwa theluji." Wazee wa Kilolo waliona hilo latosha. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1950 walihamia Uyole, akawa fundi katika gereji moja ya malori Mbeya. Wote tunaijua njia ya kutoka hapa kupanda Isongole. Masika mlima unateremka na kukaa barabarani, na ikinyesha mvua ya mawe, barafu inajichanganya na tope na gari haliendi mbele wala nyuma. Watu walikuwa wakilala humo na wagonjwa wao. Kaka alisema kwamba ikiwa Lebanoni wanasukuma theluji, sisi nasi tunaweza kusukuma tope.

Plau ya kwanza aliitengeneza mwaka 1954 kwa bamba la chuma kuukuu, akaifunga kwa bolti mbele ya lori. Rafiki yake Joachim, dereva, ndiye aliyeliendesha. Bamba lilikusanya tope mbele yake mpaka likawa kilima, lori likateleza likaangukia mtaroni, na Joachim akavunjika mguu.

Hayo yalimuumiza sana marehemu. Alikwenda kila jioni kumwona mgonjwa, na kila jioni Rozalia, mke wa Joachim, alimpokea kwa maneno machungu. "Shemeji, plau yako imelima mguu wa mume wangu. Umeridhika?" Kaka aliing'oa plau, akaitupa nyuma ya gereji, na kwa karibu mwaka mzima hakutaka itajwe. Wifi yangu Marta hakumsukuma. Alimwambia mara moja tu, "Baba Alinanuswe, aliyeumia ni Joachim. Basi Joachim ndiye aseme kama umalize au uache."

Na Joachim alisema. Alikuja gereji akichechemea na fimbo, akaliangalia lile bamba, akamwambia, "Wewe ulilisimamisha kama mlango uliofungwa. Tope lingekwenda wapi?" Akaligusa bamba kwa fimbo yake. "Lipindishe, limwage pembeni, upande wa bonde. Halafu lori nitaliendesha mwenyewe." "Joachim, hapana." "Mguu ni wangu, Isakwisa. Usinikatalie."

Walimwendea Bwana Liberatus, msimamizi wa barabara, mtu wa Iringa aliyesomea ujenzi. Yeye ndiye aliyewachorea pembe ya bamba na kuwapa kisu cha zamani cha greda, ile mashine ya kusawazisha barabara. Kaka akaongeza mnyororo na roda ya kuupitishia ili dereva aweze kuinua bamba akikuta jiwe. Kazi ilikuwa ya watu watatu, na marehemu hakukubali kamwe iitwe yake peke yake.

Tarehe 11 Aprili 1956 ilinyesha mvua ya mawe ambayo wengi wenu mnaikumbuka. Lori la abiria lilizuiliwa upande wa pili wa maporomoko ya udongo, na ndani yake alikuwamo mama mjamzito, Verediana, aliyekuwa ameshikwa na uchungu. Joachim alishika usukani. Kaka alisimama ubavuni mwa lori akiliangalia bamba, amelowa mpaka kwenye mifupa, akipaza sauti, "Inua! Shusha! Taratibu, ndugu yangu!" Walikwama, wakarudi nyuma, wakaingia tena. Tope lilikuwa likimwagika bondeni kama uji. Njia ilipofunguka, abiria walilia na kuimba kwa pamoja, na wengine walimshika mikono wakisema, "Ndaga fijo, ndaga fijo," yaani asante sana. Verediana alijifungua mtoto wa kike kabla hawajafika mjini, akaitwa Benedicta, na leo wote wawili wako hapa kati yetu. Lakini kulikuwa na mzee mmoja katika lori lile ambaye baridi ilikuwa imekwisha kumchukua. Marehemu hakuisimulia siku hiyo hata mara moja bila kumtaja mzee yule.

Mwaka 1957 aliitwa Kilosa, ambako mafuriko yalikuwa yakifukia reli kwa mchanga. Alitengeneza plau yenye mashavu mawili, kama pua ya mashua, ikafungwa mbele ya kiberenge cha mafundi wa reli. Kwenye njia iliyonyooka ilifanya kazi vizuri, ila kwenye maungano ya reli ilikwaa. Aliichukua tena akiahidi kuirekebisha, na kazi hiyo hakuimaliza.

Kifua kilianza kumsumbua mwanzoni mwa 1958. Alitibiwa Mbeya, akapata nafuu, akarudi gereji mapema kuliko alivyoshauriwa. Mwezi Machi mwaka huu alilazwa tena. Joachim alikuwa akikaa naye kila alipokuwa hana safari. Siku moja, nikiwa nimewapelekea chai, nilimsikia marehemu akimuuliza, "Mguu bado unauma?" "Wakati wa baridi tu." "Nisamehe, Joachim." Joachim akamfunika blanketi vizuri, akasema, "Nilikusamehe nikiwa bado mtaroni. Wewe ndiye hukusikia, kwa jinsi ulivyokuwa unalia."

Ndugu yetu alifariki Jumapili tarehe 7 Juni 1959, asubuhi, kengele ya ibada ikilia. Marta alikuwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, Marta. Watoto watatu, Alinanuswe, Lea na Bartholomeo. Mama yetu mzazi, Tusekile. Mimi mdogo wake. Pamoja na wakwe na ndugu wengi wa Rungwe, Uyole na Kilolo. Ameacha pia kaka, Joachim. Hakuzaliwa katika nyumba yetu, lakini jana jioni wazee wa ukoo walikaa, wakasema jina lake liandikwe hapa, nami nimeliandika.

Kaka Isakwisa, Bwana akupokee na akupe utulivu wake. Sisi tutamtunza Mama.