Benchi Lililoipa Ghuba Mgongo

Benchi la duka la chambo limekaa kinyume. Linatazama barabara, na Ghuba ya Mobile iko nyuma ya duka, hatua hamsini chini ya mteremko. Hakuna aliyewahi kuligeuza, maana kahawa inatokea mlango wa mbele. Alfajiri ile ya Agosti, joto likiwa limeshawakaba shingo kabla ya jua, walikaa watatu: mwenye duka, aitwaye Redio kwa sababu haamini kitu mpaka kitangazwe, Tolliver, fundi maboti mstaafu, ambaye hapo kijiweni ana shahada tele, hivyo huitwa Profesa, na Bi Ozella Battiste, mwenye kengele. Kengele hiyo iko kwenye nguzo ya lango lake, ng'ambo ya barabara. Tangu enzi za mama yake ndiyo iliyowaamsha watu jubilei ilipokuja, yaani zile alfajiri za kiangazi ambapo maji ya chini hukosa pumzi, na samaki bapa waitwao gayogayo, kaa na kamba hukimbilia ukingoni wakalala wamezubaa, watu wakaokota kwa ndoo. Lakini Jumanne Bi Ozella aligonga, watu sitini wakateremka na nguo za kulalia, wasikute hata kaa kilema. Kamati ya mtaa, iliyojaa wenye nyumba mpya, ikapitisha: kengele ishushwe Jumamosi. Na hii ndiyo Jumamosi.

— Jana mawingu, leo upepo wa mashariki, mwembamba kama wa kupoza uji, — alisema Bi Ozella. — Na maji yanajaa. Jubilei ipo.

— Mtangazaji kasema haipo, — Redio akajibu, redio yake ndogo ikinong'ona gotini. — Ghuba imechemka, samaki wote wamezama kina kirefu. Kasema twende mtoni, tukavulie kivulini.

— Huyo mtangazaji yuko wapi saa hizi?

— Studio. Kuna kiyoyozi.

— Basi akavue humo humo!

— Mnazozana bure, — Profesa akaingilia. — Samaki wana masikio. Jumanne walisikia kengele, wakageuza. Mwenda pole hajikwai.

— Samaki anajikwaa na nini, Profesa? Ana miguu? — akauliza Bi Ozella.

— Gayogayo macho yake yote mawili yako upande mmoja. Asipojikwaa huyo, nani atajikwaa?

— Mimi nasema hata ukigonga, watu hawaji, — Redio akashikilia. — Mkwe wangu aliteremka na bukta ya kulalia, mbele ya mchungaji!

— Maji ukiyavulia nguo, yaoge, — akasema Profesa. — Ila kosa ni la mwezi. Mwezi unavuta maji, maji yanavuta samaki, na hizi nyumba mpya zina vioo vikubwa vinavyouvuta mwezi. Ghuba itatulia vipi?

— Hapo umesema! — Bi Ozella akajipiga kofi gotini. Hakuelewa hata neno, lakini yeyote anayevitukana vile vioo alikuwa ndugu yake.

Ukweli ni kwamba alikuwa anangoja mmoja wao aseme: gonga. Tangu Jumanne mkono wake ulikuwa mzito, na angekufa kabla ya kulikiri hilo.

— Na atakayeigusa kengele yangu namvunja kidole! — alisema.

Hapo akatokea bwana mmoja langoni kwake, viatu vyeupe pee, spana mkono mmoja, na mkono wa pili kashika ulimi wa kengele. Alikuwa Pruitt, wa kamati.

— Samahani, Bi. Nimewahi kabla ya jua kali. Nimeanza na ulimi.

Bi Ozella aliinuka, kahawa ikamwagika.

— Urudishe! Leo jubilei inakuja!

— Leo?

— Mawingu, upepo, maji kujaa, na hili goti langu!

Pruitt aliwatazama wote watatu, akalitazama benchi, akautazama ukuta wa duka nyuma yao. Akauliza bila kejeli, ndiyo maana ikauma:

— Sasa nani yuko ufukweni anaangalia?

Redio akazima redio. Profesa akageuka kuutazama ukuta.

Mama yake Bi Ozella alikuwa na sheria moja: miguu majini kwanza, kengele baadaye. Jumanne yeye aligonga akitokea barazani, kwa ushauri wa goti.

— Jumanne sikutazama, — alisema kwa sauti kubwa, makusudi, wote wasikie. — Nilikosea mimi, si kengele. Haya, twende, na hivyo viatu vyako.

Wakateremka. Maji yalikuwa tuli kama mafuta. Kaa walikuwa wamepanda nguzo za gati kama watu wanaokimbia mafuriko. Ukingoni gayogayo walilaliana kama sahani kabatini, wanahema. Mmoja akateleza juu ya kiatu cheupe, Pruitt akaruka.

— Bi... ndiyo hii?

Bi Ozella alimpokonya spana, akaupanda mteremko na goti lake bovu, akaitwanga kengele isiyo na ulimi: ngaa! ngaa! ngaa!

— Na wasipokuja? — Redio aliuliza, huku anahangaika kutafuta ndoo.

— Wasije! — akafoka Bi Ozella. — Samaki wamekuja!

Akatwanga tena.