Kuku wa Pete wa Juliana Kaijage

Ndugu waombolezaji, Juliana Kaijage tunayemsindikiza leo alizaliwa Kibaha tarehe 9 Juni 1988. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kaijage, karani wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, na Bibi Paskazia, aliyeketi hapa mbele. Mtoto wa kwanza ni mimi, Laurean. Wengi mnanijua kwa biashara yangu ya kuku.

Alisoma shule ya msingi hapa Sofu, sekondari Kisarawe, kisha akapata shahada mbili za elimu ya wanyama Morogoro. Alifundisha baiolojia miaka minne. Mwaka 2016 alifunga ndoa na Ipyana, wakajaliwa binti, Fadhila. Mwaka 2019 akaanza masomo ya shahada ya uzamivu, ile ya kuitwa Dokta.

Nimekuwa nikiwaambia kwamba alisomea chanjo za mifugo. Si kweli. Niliona aibu kusema. Juliana alichunguza jinsi kuku jike anavyochagua jogoo, na jinsi anavyojikinga na jogoo anayemlazimisha. Miaka mitatu alikaa kwenye kigoda uani kwa Mzee Hashiru, mfugaji wa kule Msimbu aliyemtunzia kuku wa utafiti, akitazama na kuandika. Jirani, Bi Siwema, alimtania: "Wee mwalimu, umesoma kote huko uje uchungulie jogoo akipanda?"

Juliana akajibu, "Shangazi, jogoo anamtaka nani, kila mtu anajua. Kuku anamtaka nani, nani aliwahi kumuuliza?"

Bi Siwema alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akawa anamletea habari za kuku wake mwenyewe.

Aprili 2022, Juliana akiwa chuoni, nilikwenda Msimbu kutafuta kuku wa harusi. Mzee Hashiru alikuwa msibani Marui, uani hapakuwa na mtu. Kundi la Juliana, majogoo na majike, lote lilikuwa na pete za rangi miguuni. Nilijua pete zile ni za kazi gani: ndizo zilizomtambulisha kila kuku katika daftari lake. Nilizikata kwa kisu, nikawauza kuku wote. Hesabu yangu ilikuwa kwamba atachoka, atarudi kufundisha, na maneno ya watu yataisha. Nikampigia simu: ugonjwa wa mdondo umewamaliza kuku wako.

"Mizoga iko wapi, kaka? Nataka niipime."

Nikasema nimeshaifukia.

Akajibu, "Asante kwa kunisaidia, kaka. Pole kwa kazi."

Mzee Hashiru naye nilimwambia hivyohivyo. Juliana alianza upya na vifaranga. Kazi ambayo ingekamilika mwaka 2023, akiwa mzima, ilikuwa bado mikononi mwake Novemba 2024 alipogundulika kuwa na saratani ya damu. Alifariki hospitalini Dar es Salaam, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, wiki tano kabla ya siku aliyopangiwa kuitetea mbele ya jopo la chuo. Ndiyo maana kwenye ratiba mliyoshika hakuna neno Dokta mbele ya jina lake.

Juzi msimamizi wake, Dokta Naila, alinionyesha andiko lake. Humo imeandikwa: kundi la kwanza liliangamia kwa mdondo. Juliana hakuwa mtu wa kuandika asichokiona. Hilo aliliandika kwa sababu kaka yake alisema. Nimemweleza Dokta Naila ukweli, mbele ya mama na shemeji Ipyana. Sentensi hiyo itarekebishwa, na jina langu litawekwa kama mtu aliyewauza kuku hao.

Ameacha mama mzazi, mume, binti wa miaka saba, na kaka mmoja. Pole zenu wapeni hao watatu wa kwanza. Mungu ampe Juliana pumziko la amani.